Ati Nimekalia Utajiri

Nimeambiwa na watu watatu, kwa nyakati tofauti, kwamba nimekalia utajiri bila kujua. Wa kwanza ni mpwa wangu, afanyaye kazi Dar es Salaam na ajuaye mambo ya kompyuta. Wa pili ni mnunuzi mmoja wa vitu vya kale ambaye hupita Tabora mara mbili tatu kwa mwaka akitafuta masanduku ya Kiarabu, milango ya nakshi, redio za mbao, na siku hizi vitabu. Wa tatu ni rafiki yangu wa tangu ujana, ambaye nilitegemea angekuwa upande wangu. Wote walikuwa wakisema juu ya kitu kimoja: rafu moja ya vitabu vya upelelezi vilivyochakaa, iliyomo katika nyumba yangu hapa Isevya.

Nataka kuwajibu wote kwa pamoja, tena kwa maandishi, maana kwa mdomo wananishinda kwa kelele.

Mpwa wangu alianzia mbali. Alinieleza habari za mchezo wa video uitwao Snatcher, uliotolewa Japani na kampuni ya Konami mwaka 1988, kazi ya mtu aitwaye Hideo Kojima. Toleo lake la Kiingereza lilitoka mwaka 1994 kwa mashine iliyoitwa Sega CD. Ni hadithi ya upelelezi. Mchezaji anakuwa mpelelezi aliyepoteza kumbukumbu zake, na kazi yake ni kuwasaka maroboti wanaoua watu kisha wakavaa sura zao na kuishi mahali pao. Anapekua vyumba, anahoji mashahidi, anapiga simu, anarudi alikotoka kutazama tena kile alichokipita. Nikamwambia huyo ni Bwana Msa aliyepelekwa Japani, akacheka. Basi mchezo huo ulipotoka kwa Kiingereza haukuuzika, kwa kuwa na mashine yenyewe ilikuwa inakata roho. Leo hii diski yake iliyotumika huuzwa kwa mamia ya dola, na ikiwa na kasha lake na kijitabu chake huweza kufika dola elfu moja. “Umeona, mjomba?” akaniambia. “Kitu cha upelelezi, kimetumika, kimezeeka, na bei inapanda. Vitabu vyako ni hivyo hivyo.”

Nilimwuliza swali moja tu. Hao wanaoununua, wanaucheza? Akasema wako wanaoucheza, na wako wanaouweka katika kabati la kioo. Na ule ambao haujafunguliwa kabisa tangu utoke kiwandani, ndio wenye bei ya juu kuliko yote.

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na sijamaliza. Mwezi Julai 2021 huko Marekani nakala moja ya mchezo wa Super Mario 64 iliuzwa mnadani kwa dola 1,560,000. Msomaji asidhani kwamba mchezo huo ni adimu. Ulitoka mwaka 1996 na ukauzwa kwa mamilioni ya nakala duniani kote. Watoto wa mataifa mengi waliucheza mpaka vidole vikaota sugu. Nakala hiyo moja ilipata bei hiyo kwa sababu nailoni iliyoizungushia haikuwa imechanwa, wala pembe za kasha hazikuwa zimebonyea. Basi aliyetoa fedha zile hakununua mchezo. Alinunua nailoni. Siku atakapoichana ili acheze, fedha zake nyingi zitakuwa zimeyeyuka mkononi mwake.

Sasa tufikirie jambo hilo kwa kitu cha upelelezi, ambacho uhai wake wote uko katika swali moja: nani amefanya? Hadithi ya upelelezi iliyofungwa kwa nailoni ni kesi ambayo haijapata kusikilizwa. Maiti iko palepale, mashahidi hawajaitwa, muuaji anapumua kwa raha, na mwenye mali anaomba Mungu mpelelezi asije akafika. Wanangu wa hapa mjini wana akili kuliko hao. Katika banda la gemu kijana hulipa kwa mechi anayocheza. Mechi ikiisha, analipa tena au anampisha mwenzake. Hajatokea mtu aliyeingia bandani na kulipa ili atazame kasha.

Lakini nisikae sana na mambo ya Marekani. Nitazame rafu yangu.

Iko Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kitabu kilichoshinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, kikapigwa chapa mwaka 1960. Ndani yake ndimo Bwana Msa alimozaliwa, na kiko chake mdomoni na Najum wake ubavuni. Kiko Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, na Duniani Kuna Watu, na Siri ya Sifuri, na Mke Mmoja Waume Watatu. Iko Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, iliyomtoa mpelelezi katika mashamba ya Unguja ikamwingiza katika mitaa ya Dar es Salaam. Kiko Kufa na Kupona cha Elvis Musiba cha mwaka 1974, na nduguze, humo Willy Gamba akipita mipaka ya nchi kana kwamba anavuka barabara. Wako pia akina Joram Kiango wa Ben Mtobwa, waliopigwa chapa katika miaka ya shida ya karatasi, juu ya karatasi ya kijivu iliyokuwa ikikatika kama chapati iliyolala. Hivi vya mwisho ndivyo vilivyopungua upesi zaidi. Cha mwaka 1968 kinasimama bado, cha mwaka 1986 kimekuwa unga.

Vitabu hivi vilisomwaje? Vijana wa leo hawatasadiki. Bwenini kwetu nakala moja ya Willy Gamba ilichanwa mafungu manne, ili wanne wasome kwa mara moja, kila mmoja akimhimiza aliyemtangulia amalize. Aliyepata fungu la tatu kwanza alijua nani amekufa kabla ya kujua alikuwa nani. Humu mjini kitabu kilipanda treni pale stesheni, kikaenda Kigoma au Mwanza, na baada ya majuma kadhaa kikarudi na karani mwingine wa reli, jalada limebadilishwa likawa la kalenda ya zamani. Tabora ni njia panda ya reli, na abiria aliyekaa hapa usiku kucha akingoja behewa lake lifungwe kwenye treni ya upande wake alihitaji kitu cha kumweka macho. Kitabu cha upelelezi kilifanya kazi hiyo kuliko kahawa.

Na hasara yetu kubwa wakati ule ilikuwa ni moja. Jalada likipotea, hakuna aliyesikitika. Ukurasa wa jina na mwaka ukinyofoka, basi. Lakini kurasa za mwisho! Kurasa za mwisho zikitoka, mtaa mzima ulikuwa msibani. Namkumbuka mwalimu mmoja aliyepanda baiskeli kwenda Itetemia na kurudi, kwa sababu alisikia kwamba kule yupo mtu aliyemaliza Duniani Kuna Watu na anaweza kumsimulia mwisho wake. Ndiyo maana hata leo nikipewa kitabu chakavu cha upelelezi, kwanza nakifungua nyuma.

Yule mnunuzi hufungua mbele. Nilimtazama vizuri alipokuwa sebuleni kwangu. Alikagua jalada, akakagua mwaka wa chapa, akakagua uti wa mgongo, akanusa. Hakufika ukurasa wa kumi. Halafu alifika mahali pa kunikera, na nitapaeleza kwa kirefu, maana hapo ndipo ulipo ugomvi wangu.

Nakala yangu ya Mzimu wa Watu wa Kale niliachiwa na marehemu kaka yangu, aliyekuwa karani wa reli. Yeye alikuwa na desturi: kila aliyeazima kitabu aliandika jina lake upande wa ndani wa jalada la nyuma, na tarehe, na mahali. Majina yako ishirini na matatu. Wapo wa Tabora, yupo wa Urambo, wawili wa Uvinza, mmoja wa Itigi, mmoja aliyeandika “Ujiji” kwa wino wa kijani. Wapo Waislamu na Wakristo, mabinti na wazee. Wengi wao najua wamekwisha kufa. Mmoja ameongeza maneno mawili chini ya jina lake: “Nilimshuku mwingine.” Sijui kwa wengine, lakini mimi sijapata kuona maoni ya kitabu yaliyotimia kuliko hayo.

Basi mnunuzi akaniambia kwa upole, “Mzee wangu, kingekuwa kisafi ningekupa laki moja na nusu. Lakini kwa kuwa watu wamekichafua nyuma, nitakupa elfu sitini.”

Wamekichafua! Watu ishirini na watatu waliokisoma, waliokirudisha, ambao bila wao hicho kitabu kingekuwa tofali la karatasi, ndio uchafu. Kila msomaji mmoja, kwa hesabu yake, alikula karibu shilingi elfu nne za thamani. Kama wangekisoma watu arobaini, ningetakiwa nimlipe yeye akichukue.

Sisemi kwamba mtu huyo ni mwovu. Ni mpole, alikunywa chai yetu, aliniamkia vizuri na kuwasalimia wa nyumbani mmoja mmoja. Ninasema kipimo alichobeba ni kibovu, na watu wetu wanakipokea kana kwamba ni mizani ya serikali.

Najua litakuja jibu la haraka: mbona Wazungu nao hukusanya, na hadithi zao hazikufa? Hilo ni jibu zuri, na ndilo litakalonisaidia. Sherlock Holmes, baba wa wapelelezi wote hawa, alitokea kwanza katika gazeti la Krismasi liitwalo Beeton's Christmas Annual la mwaka 1887. Zimebaki nakala chache mno duniani, na mwaka 2007 moja iliuzwa mnadani kwa dola 156,000. Je, kuna mtoto yeyote wa London aliyekosa kumsoma Sherlock Holmes kwa sababu tajiri mmoja aliifungia nakala hiyo katika kabati? La hasha. Hadithi yenyewe imechapwa na kuchapwa, iko maktaba, iko barabarani, iko bure. Tajiri yule amenunua karatasi kuukuu. Hadithi hakuinunua, wala hakuweza kuinunua. Mkusanyaji wa namna hiyo hana madhara kuliko mkusanyaji wa stempu.

Kwetu mambo ni mengine. Katika maduka ya vitabu ya mji huu, ambayo huuza vitabu vya shule, madaftari, Biblia na misahafu, sijamwona Bwana Msa kwa miaka. Hata pale anapochapwa mbali, hapa hafiki. Kwa hiyo mnunuzi akitoka Tabora na nakala yangu hatoki na karatasi kuukuu peke yake. Anatoka na hadithi. Kwa msomaji wa Isevya, siku hiyo Bwana Ali anarudi kuwa maiti isiyo na mpelelezi.

Na hii bei yao inatoka wapi? Hapa naomba msomaji anifuate polepole. Bei ya kitabu chakavu haipandi kwa sababu kitabu ni kizuri. Vitabu vizuri vinavyopatikana huuzwa kwa bei ya chai na maandazi. Bei inapanda kwa sababu wenye haki ya kukichapa hawakichapi, au wanakichapa hakisafiri, huku watu wangali wanakitaka. Basi bei hiyo kubwa ni kipimo cha uzembe, kama vile homa ilivyo kipimo cha ugonjwa. Mtu mwenye akili haoni joto la mgonjwa limefika arobaini akashangilia kwamba linapanda.

Hata ule mchezo wa mpwa wangu ni hivyo hivyo. Toleo la Kiingereza la Snatcher lilikaa miaka mingi bila kutolewa upya, na ndiyo maana diski chakavu inagombewa. Mwaka 2023 shirika moja la Marekani linaloshughulika na historia ya michezo ya video, Video Game History Foundation, lilitoa utafiti wake: katika michezo iliyotoka nchini humo kabla ya mwaka 2010, asilimia 87 haipatikani tena sokoni kwa njia ya kawaida. Asilimia 87! Na hao ndio matajiri, wenye viwanda na mitambo. Nilipomwonyesha mpwa wangu tarakimu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kwa hiyo bei zitapanda zaidi, mjomba.” Kijana huyu namlaumu, lakini nacheka naye.

Sisi watu wa Tabora tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika na jambo hili, maana mji wetu umejengwa juu yake. Burton na Speke walipofika hapa Unyanyembe Novemba 1857 walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu wakiwa na tembe zao na ghala zao, na pembe za ndovu zikipita kuelekea pwani. Pembe ilitoka Manyema au Karagwe, ikabebwa na mpagazi wa Kinyamwezi mabegani, ikalipiwa hongo kwa mtemi huyu na yule, ikafika Bagamoyo, ikavuka Unguja. Kila kituo kiliongeza bei. Nyingi ziliishia Marekani, katika jimbo la Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikachanwa vipande vyembamba vya kubandikwa juu ya vibao vya piano. Mpagazi alilipwa kwa nguo. Na nguo iliyopendwa kuliko zote katika miaka ile ilikuwa merikani, iliyofumwa katika nchi ileile ilikokwenda pembe. Alibeba mzigo wa bei kubwa kwa miezi mitatu, akarudi na shuka.

Sarafu yetu nayo? Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na bahari imefungwa na Waingereza, walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 hapa hapa Tabora, katika karakana ya reli, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Upande mmoja ina tai wa Kijerumani, upande wa pili ina tembo mbele ya mlima. Zilipigwa kama elfu kumi na sita. Mwezi Septemba mwaka huo Wabelgiji waliingia mjini, na mambo yakaishia hapo. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huiita kwa jina la mji wetu, na huinunua kwa maelfu ya dola. Nimeishi Tabora karibu umri wangu wote na sijaiona kwa macho yangu ila katika picha.

Lakini pembe na sarafu zina udhuru wake. Pembe ikiondoka imeondoka. Haipigwi chapa mara ya pili, na tembo aliyekufa amekufa. Dhahabu nayo ni ile ile, haizai. Kitabu si hivyo. Kitabu ni mali pekee ninayoijua ambayo mtu anaweza kukuachia yote na akaondoka nayo yote. Hali kadhalika mchezo wa video, ambao kunakiliwa ni tabia yake. Kukifanya kitu cha namna hiyo kiwe adimu, ni lazima kwanza ukae juu yake kwa makusudi.

Na sisi tuna neno kwa mtu wa namna hiyo. Waliokuwa watu wazima mwaka 1983 wanalikumbuka. Marehemu Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, yule aliyeficha sukari na sabuni ili vipungue dukani na bei ipande aliitwa mlanguzi. Vita ile ilikuwa na makosa yake, wapo walioonewa kwa ajili ya mifuko miwili ya saruji, nami siombi irudi. Soko huria lilipokuja tuliambiwa tulisahau neno hilo, na kweli wengi wamelisahau. Lakini anayenunua nakala tano za kitabu kimoja, akaziweka stoo Dar es Salaam akisubiri zilizobaki ziliwe na mchwa, mimi sijui nimwite nani.

Mchwa ndio hoja ya rafiki yangu, na lazima nimtendee haki, kwa kuwa ni hoja nzito. Anasema: “Wewe unaazimisha, unapoteza. Mnunuzi anahifadhi. Miaka ishirini ijayo kitabu chako kitakuwa kimekwenda, na cha kwake kitakuwepo.” Ni kweli kwamba mchwa wa Tabora hawachagui, wamekula vyeti vya ubatizo na hati za viwanja. Ni kweli pia kwamba nimeazimisha vitabu ambavyo havikurudi. Nimehesabu kumi na kimoja. Na ni kweli kwamba baadhi ya vitabu vya zamani visingekuwako leo kama si wakusanyaji, watu wachache wenye subira na makabati mazuri. Hao nawashukuru. Kama mkusanyaji anakihifadhi kitabu na mlango wake uko wazi kwa mtafiti, kwa mchapaji, hata kwa mtoto wa jirani, basi huyo ni mkutubi asiye na mshahara, na sina neno naye. Ninayemsema ni yule ambaye bei yake ingeanguka kama watu wangesoma, na kwa hiyo anaomba wasisome.

Kuhusu vile kumi na kimoja ambavyo havikurudi, mimi siviiti vilivyopotea. Kitabu cha upelelezi hakiibiwi na mtu asiyekitaka.

Hoja ya pili ni ya umaskini, na hii ni ngumu zaidi. Nani amenipa mimi, mwenye pensheni hata kama ni ndogo, haki ya kumwambia mjane wa Nzega asiuze vitabu vya marehemu mumewe? Hakuna aliyenipa. Auze, mama yangu. Auze na ada za watoto zilipwe. Ila aelewe kwamba elfu mbili anayopewa kwa kila kimoja, pamoja na maneno ya kumtia huruma kwamba “hivi ni takataka tu, mama,” ni ya kituo cha kwanza cha safari ndefu. Wako wauzaji wa vitabu adimu wa Ulaya na Marekani wanaouza chapa za zamani za Afrika Mashariki kwa fedha za kigeni. Asikubali kuwa mpagazi wa kulipwa shuka. Na kabla ya kuuza, akiweza, amwite kijana mwenye simu nzuri ampigie picha ukurasa mmoja mmoja, akianzia nyuma, ibaki nakala ya kusoma yeye na wanawe.

Wapo watakaosema kwamba nazungumza juu ya vitu vidogo: vitabu vya mauaji, michezo ya watoto. Walimu wetu wengine walivichukia vitabu hivi, wakavikamata na kuvichoma, ati vinaharibu Kiswahili na tabia. Sasa watu walewale, au wanao, wanasikia kwamba kimoja kina thamani ya laki na nusu, na mara moja kimekuwa urithi wa taifa. Wakati kilipokuwa kinasomwa na makarani na wapishi kilikuwa upuuzi. Kisiposomwa na mtu, kimekuwa hazina. Mimi nimejifunza nusu ya Kiswahili changu kizuri kwa Muhammed Said Abdulla, na wala sikuwa na habari kwamba nasoma hazina. Nilikuwa natafuta muuaji.

Dalili njema zipo, nisije nikaonekana mzee wa kulalamika tu. Baadhi ya vitabu vya Willy Gamba vimechapwa upya nchini miaka ya karibuni, na alipokuja mpwa wangu na kimoja, kipya, kinanukia wino, yule mnunuzi alikitazama kama mtu aliyeona nyoka. Alijua hesabu. Nakala yangu ya zamani ilishuka bei siku hiyo hiyo mbele ya macho yake, nami nilifurahi kana kwamba nimepandishwa cheo.

Basi nawaambia wachapaji, na warithi wa waandishi wetu. Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991, na kwa sheria zetu kazi za mwandishi hulindwa miaka hamsini baada ya kifo chake; haki hiyo ni ya warithi mpaka mwaka 2041, na hakuna anayeruhusiwa kuwaibia. Hilo nalitetea. Lakini haki ya kuchapa haikutolewa iwe haki ya kunyamaza. Kama kuna mchapaji aliyekwisha kupatana na warithi, na anakosa nakala iliyo kamili ya chapa ya zamani kwa ajili ya kulinganisha, yangu ipo, na kurasa za mwisho zote zimo. Nitaitoa bila senti moja, kwa muda wa mwezi mmoja. Wasiikate uti wa mgongo, wasiisafishe, na wakipiga picha wapige pia jalada la nyuma upande wa ndani, lenye majina ya wale watu.

Ila kwa sasa wasubiri zamu. Kipo Urambo, kwa binti wa fundi baiskeli. Aliandika jina lake tarehe nne mwezi uliopita, chini ya yule wa wino wa kijani, na baba yake ananiambia amefika sura ya nne na anamshuku kila mtu.